Wadogo zangu wa Leipzig, ingieni milango hii

Kila Oktoba linakuja kundi jipya la vijana wetu hapa Leipzig, Ujerumani, na ikifika Novemba, jua linapozama saa kumi jioni, naanza kusikia malalamiko yaleyale: huku Jumapili pamekufa, maduka yamefungwa, hakuna pa kwenda. Juzi nimeyasikia tena mezani mensa, kantini ya wanafunzi, kwa kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka Paris kwa basi la usiku. Alipanga foleni Louvre, akampiga picha Mona Lisa juu ya vichwa vya watu, akarudi. Nikamuuliza anakaa wapi. Lindenau. Nikamuuliza kama ameshaingia Spinnerei, iliyo mtaani kwake. Akaniuliza, hiyo ni baa?

Basi naandika. Habari za anmeldung (kuandikisha makazi), sperrkonto (akaunti ya benki ya viza) na bima mtaambiwa na wengine, tena mpaka mchoke. Hili la sanaa ya mji mnaokaa hakuna anayewaambia, kwa sababu wengi wetu tuliowatangulia tulilidharau. Mimi naamini kabisa kwamba mtu akikaa mahali miaka mitatu bila kujua watu wa hapo wanachora nini, wanachonga nini na wanabishana juu ya nini, amelala tu pale na kwenda kazini. Nawapenda, ndiyo maana sina subira na ninyi katika jambo hili.

1. Anzeni na mtaa wenu. Louvre haikimbii, na Kisiwa cha Makumbusho cha Berlin kipo. Ukianza na majumba makubwa unachoka kabla hujajifunza kuangalia: vyumba havihesabiki, watu wanasukumana, na jioni unachokikumbuka ni maumivu ya miguu. Nyumba ndogo ya maonyesho ina vyumba viwili, picha chache ukutani na mtu mmoja mezani. Hapo unaweza kukaa nusu saa mbele ya picha moja, ukasogea, ukarudi nyuma, ukaangalia jinsi rangi ilivyolundikwa. Rudi wiki inayofuata. Utaona ulichokipita.

Kuzijua nyumba hizi si kazi. Jarida la mji la kila mwezi, kreuzer, lina kurasa nzima za maonyesho. Mabango yako kwenye milango ya mikahawa yote ya Karl-Heine-Straße. Na ukiingia sehemu moja utakuta mezani vikaratasi vya nyingine. Chukueni vikaratasi hivyo.

2. Ufunguzi hauhitaji kadi ya mwaliko. Hapa ndipo mnapokwama wengi, na ninaelewa kwa nini. Unapita jioni, unaona taa, watu wamesimama na glasi mikononi, wengine wamevaa nyeusi tupu, wanajuana. Adabu uliyolelewa nayo inakukataza kuingia shughuli usiyoalikwa. Lakini ufunguzi wa maonyesho ni wa kila apitaye. Hakuna atakayekuuliza wewe ni nani. Kutakuwa na hotuba ya Kijerumani kigumu, isikilizeni hata kama mnaambulia nusu, kisha watu wanaanza kuzunguka, na msanii mwenyewe yupo.

Mfuateni mumuulize swali moja la kweli. "Nzuri sana" ameshaambiwa na kila mtu. Kuna kijana wetu wa Kisumu anayesoma uhandisi wa mitambo. Nilikwenda naye ufunguzi mmoja kwa kumvuta, akazunguka kimya, mwisho akamwendea mchoraji akamuuliza kwa nini kivuli cha kiti kimeanguka kushoto na kivuli cha meza kimeanguka kulia. Yule mama alifurahi mno, akamshika mkono akampeleka kwenye picha nyingine tatu alizozichora hivyohivyo kwa makusudi, na wakazungumza mpaka taa zikaanza kuzimwa. Siku hizi kijana anaalikwa studio kwake. Alikwenda pale na macho ya mhandisi, basi. Na ninyi kila mmoja ana macho ya kazi yake: muuguzi anaona mwili umechorwaje, mchumi ataanza na nani analipa haya yote. Ulizeni hayo hayo.

3. Spinnerei. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Mnaijua tramu namba 14, inayoishia kituo cha Plagwitz. Kutoka pale unatembea kidogo unafika lango la Spinnereistraße 7, na ndani yake ni kama kijiji cha matofali mekundu. Kilianzishwa mwaka 1884 kiwe kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba, na mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake katika bara la Ulaya, chenye nyumba za wafanyakazi, shule ya watoto wadogo na vibustani vyao. Baada ya Ujerumani kuungana biashara ya nyuzi ikafa, na katika miaka ya 1990 wachoraji wakaanza kuingia, kwa sababu kumbi zilikuwa kubwa, zenye mwanga, na kodi ndogo. Neo Rauch, mchoraji aliyeupa mji huu jina duniani, ana studio humo. Kuna nyumba za maonyesho kama Eigen + Art na Kleindienst, kuna Halle 14 yenye maktaba ya vitabu vya sanaa, kuna duka la vifaa vya kuchorea, kuna sinema. Mara chache kwa mwaka, kwa kawaida Januari, majira ya kuchipua na Septemba, nyumba zote hufungua maonyesho mapya kwa pamoja, na siku hiyo uwanja unajaa watu wa kila namna, watoto wachanga na mbwa wakiwemo. Wanauita Rundgang. Kuingia ni bure.

Sasa niseme jambo ambalo bado linaniuma.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alifundisha kuchora katika chuo cha ualimu mpaka alipostaafu. Ndiye aliyenifundisha kushika penseli. Nyumbani kwake Bagamoyo ukuta wa sebule ulijaa michoro ya wanafunzi wake, imebandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo, na kila mgeni alizungushwa kuitazama kabla ya kupewa kiti. Baada ya hangaiko refu la viza, alikuja kunitembelea. Nilikuwa nimeshakaa Leipzig vya kutosha kujiona mwenyeji, nikampangia ratiba: maduka ya kituo kikuu cha treni, bustani ya wanyama, duka la samani, ule mnara mkubwa wa Vita vya Mataifa, duka la Kiafrika la kununulia unga. Alifuata bila kulalamika. Siku moja tukiwa kwenye tramu hiyohiyo ya 14 akaona nje bango lenye mchoro wa rangi ya mafuta, akaligeukia mpaka likapotea, kisha akaniuliza: "Wachoraji wa mji huu wanakaa wapi? Tunaweza kwenda kuwaona?"

Nikamjibu palepale, kwa sauti ya mtu anayejua: "Ah, mjomba, hayo mambo yao wenyewe. Ni ghali, na wanaongea Kijerumani tupu."

Akanyamaza. Mjomba si mtu wa kurudia ombi. Tramu ikaenda mpaka mwisho wa njia, tukashuka kwenda kwa rafiki yangu aliyekuwa akikaa jirani na reli, tukanywa chai, tukazungumza bei za tiketi za ndege na nani kaoa nyumbani, tukarudi.

Bei ile sikuijua. Niliitunga. Lango la Spinnerei nilikuwa nimelipita mara nyingi nikienda kwa rafiki huyo, nikiona watu wanaingia na kutoka, na sikuwahi kuingia, kwa sababu niliogopa kuonekana nimepotea. Woga wangu nikauvika nguo ya ujuzi, nikamnyima mtu mzima aliyetumia maisha yake kuwafundisha wengine kuangalia. Nimejaribu mara nyingi kujipa sababu: nilikuwa na zamu, baridi ilikuwa kali, yeye ni mzee. Hazisimami. Siku ile hatukuwa na haraka yoyote, na magoti yake yalikuwa mazima.

Mwaka uliofuata mwenzangu wa kazini alinivuta kwenye Rundgang ya Septemba. Tukajiunga na kundi linalotembezwa, mwongozaji akasimama kati ya majengo akasimulia habari za kiwanda: kwamba pamba ya kununua ilikuwa ghali, wenye kiwanda wakataka mashamba yao wenyewe, na kuanzia mwaka 1907 wakayapata Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kisha akataja Saadani.

Bibi yetu, mama yake mjomba, ni mtu wa Saadani. Habari za mashamba ya pamba ya Wajerumani nilizisikia utotoni kwa mjomba huyuhuyu, naye alizisikia kwa wazee wa kule. Mwaka 1907 ni mwaka ambao vita vya Majimaji vilikuwa ndiyo vinazimwa, na mnajua vilianzia wapi: Umatumbini, Julai 1905, kwa watu kung'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima. Miaka miwili tu baada ya miche ile kung'olewa kusini, pamba nyingine ilikuwa inapandwa pwani ya kaskazini ili ije kusokotwa katika majengo haya, niliyokuwa nayapita nikienda kunywa chai.

Nilimpigia mjomba simu usiku uleule. Nikamweleza kila kitu, studio, picha, Saadani. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Ni kule kwa rafiki yako, kwenye reli?" Nikasema ndiyo, jirani kabisa. Akasema, "Basi tulifika karibu." Hakunilaumu, wala hajanilaumu mpaka leo. Safari ndefu ya ndege sasa haiwezi. Nikisikia mtu anakwenda Dar likizo nampa mzigo wa vitabu vya maonyesho, mjomba anavisoma kwa kioo cha kukuzia, ananitumia sauti ndefu akibishana na wachoraji wa Leipzig juu ya mikono ya watu wao, kwamba hawajui kuchora vidole. Lakini picha ya mita tatu haiingii kitabuni, na hilo yeye analijua kuliko mimi.

Kwa hiyo mkiniuliza "ni ghali?" kabla hamjafika mlangoni, nitakuwa mkali.

4. Nendeni chuo cha sanaa kwenyewe. Hochschule für Grafik und Buchkunst, HGB kwa kifupi, kipo Wächterstraße tangu zamani na kimekuwepo tangu mwaka 1764. Kila Februari wanafunzi wanafungua madarasa na karakana zote, unazunguka ghorofa hadi ghorofa, unaona kazi nzuri na kazi mbaya za watu wa umri wenu. Ukiona kazi mbaya nyingi ndipo unajifunza kuitambua nzuri. Vijana wale wana muda wa kuzungumza, na Kijerumani chao ni chepesi kuliko cha hotuba.

5. Makumbusho ya mji, na safari moja ya mbali kidogo. Museum der bildenden Künste ni lile jengo la kioo la Katharinenstraße, lililofunguliwa 2004. Mkifika mtafuteni Beethoven wa Max Klinger, mwana wa mji huu. Alimaliza kumchonga mwaka 1902 kwa mawe ya rangi mbalimbali, amemketisha kifua wazi kwenye kiti cha enzi na tai mbele yake. Kisha nendeni kwa wachoraji wa enzi ya Ujerumani Mashariki: Bernhard Heisig, Wolfgang Mattheuer, Werner Tübke. Hawa walifundisha hapa, na Neo Rauch alilelewa na Heisig mwenyewe na mmoja wa waliowafuata. Bila kuwaona, za Spinnerei mtaziona nusu.

Tübke ana kazi moja isiyobebeka, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Iko Bad Frankenhausen, Thüringen. Mnakwenda kwa treni kisha basi. Ni picha ya mviringo, kimo mita 14, urefu mita 123, ina watu zaidi ya 3,000, na jengo lake lilifunguliwa Septemba 1989, wiki chache kabla ya ukuta wa Berlin kuanguka. Inahusu vita vya wakulima vya 1525, na jeshi la wakulima wa Thüringen lilivunjwa juu ya kilima hichohicho lilipojengwa jengo. Tulikwenda kikundi. Tukiwa gizani katikati ya ukumbi, picha imetuzunguka, nikawasimulia wenzangu habari za mhubiri Thomas Müntzer, aliyewaongoza wakulima wenye majembe na mapanga dhidi ya mizinga ya wakuu: kwamba upinde ulionekana mbinguni wakauchukua kuwa ishara, na kwamba katika masimulizi ya mahasimu wake aliahidi kuzidaka risasi kwa mikono ya kanzu yake. Kabla sijamaliza, dada mmoja wa Songea akasema kwa sauti: "Huyu ni Kinjikitile."

Hatukuendelea na ratiba. Tulikaa chini, tukabishana zaidi ya saa nzima. Kuna aliyesema maji ya Ngarambe, yale ambayo Kinjikitile aliwaambia wapiganaji wa Majimaji yatawakinga na risasi, yalikuwa hila ya kuwaunganisha watu, mwingine akasema waliyaamini kwelikweli, na yule dada akatusimulia mababu wa Kingoni walionyongwa Songea mwaka 1906. Tübke amemchora Müntzer amesimama katikati ya mapigano, bendera imelala, uso wa mtu anayejua kwamba wameshindwa. Mlinzi alikuja kutuambia tupunguze sauti, akabaki kusikiliza, akatuuliza Kinjikitile ni nani, tukamweleza. Naye anaishi chini ya kilima kile. Hayo ndiyo ninayoyataka kwenu: mjue kwamba picha ya Mjerumani wa Leipzig inaweza kuzungumza na mtu wa Songea bila mkalimani, mradi mtu wa Songea afike.

6. Grassi, na msiende peke yenu. Makumbusho ya Grassi pale Johannisplatz ni matatu katika jengo moja: sanaa za matumizi, ala za muziki, na yale ya makabila na mataifa, yenye vitu vingi vilivyochukuliwa enzi za ukoloni. Hayo ya mwisho yanauma, nendeni wawili au watatu ili mkitoka muwe na wa kuzungumza naye. Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889, alikuwa mtu wa hapa Leipzig, wa familia ya wachapishaji wa vitabu. Alibeba jiwe la kileleni, akaligawa, nusu akampa Kaiser na nusu akabaki nayo. Jiwe la Kilimanjaro lilipanda meli bila kuulizwa mtu. Mwaka 2022, makumbusho hayo yalipofunguliwa upya kwa sura nyingine, kikundi cha wasanii kiitwacho PARA kikafanya kazi humo juu ya jiwe hilo: wakatengeneza nakala na kuziuza, wachangishe fedha za kuinunua ile nusu iliyobaki kwenye mikono ya watu binafsi, irudi Tanzania. Wapo waliokasirika, kwa sababu kazi hiyo ilihusisha kuvunja mnara wa kumbukumbu uliokuwa ndani ya makumbusho. Mimi niliwaunga mkono, na bado nawaunga mkono. Ninyi mkaamue wenyewe, lakini si kwa kusimuliwa.

Na msidhani sisi huku tunakuja kama watazamaji tu. Katika Documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, ya mwaka 2022, Wajukuu Art Project wa Mukuru, Nairobi, ndio waliojenga mlango wa ukumbi mkubwa kwa mabati; kila aliyeingia alipita kwanza katika njia yao. Inayofuata ni 2027. Anzeni kuweka akiba.

7. Mambo madogo, haraka haraka. Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa. Kadi ya mwanafunzi itembee nanyi, inapunguza kiingilio karibu kila mahali. Begi kubwa linawekwa kabatini, muwe na sarafu ya euro moja au mbili. Picha ulizeni kwanza, na mwanga wa kamera hapana. Mkono usiguse. Wenye zamu za mchana, tafuteni siku ambayo makumbusho hufunga kwa kuchelewa, baadhi yanayo. Usiku wa Makumbusho wa Leipzig na Halle, majira ya kuchipua, tiketi moja inawaingiza kote na kuwapandisha tramu. Maelezo ya ukutani someni kwa Kijerumani kwanza. Nilijifunza maneno mengi humo kuliko darasani. Na ile tiketi ya muhula mnayoitumia kwenda mensa na kurudi inawafikisha Halle, Chemnitz na Dresden kwa treni za mkoa, bila kuongeza senti.

8. Mkipenda kitu, nunueni kidogo. Leipzig ni mji wa uchapaji, kwa hiyo kuna chapa, yaani picha zinazochapwa kutoka kwenye mbao, jiwe au shaba, zilizotiwa saini na msanii kwa penseli na kuandikwa namba. Chapa ndogo ya mwanafunzi wa HGB inaweza kuwa na bei ya viatu vya kawaida. Ulizeni kama mnaweza kulipa kidogo kidogo. Mara nyingi wanakubali, wanaandika kwenye daftari, mnapeana mikono. Mkipeleka nyumbani, iviringisheni muitie ndani ya bomba gumu la karatasi, mpande nayo ndegeni mkononi, na msiiweke kwenye sanduku chini ya masufuria. Fremu msinunue huku, ni nzito na inavunjika njiani. Mafundi wa Keko, Dar, watawatengenezea ya mninga kwa vipimo vyenu, ila waambieni waweke karatasi safi nyuma ya chapa kabla ya ubao, maana unyevu wa pwani hauna huruma na karatasi.